Si Wewe Uliyekuwa Unanguruma

Baba,

Nakuandikia mtoto akiwa amenilalia kifuani, kwa hiyo mwandiko umepinda. Nina habari moja tu na nimeshindwa kungoja: si wewe uliyekuwa unanguruma.

Ulipofariki nilikuwa wodini, najifungua Aber. Wakakuzika kijijini bila mimi. Niliporudi hapa Bwaise, kaka Okot akaniletea amplifaya yako na spika zake, maana ulisema ni zangu. Tukawasha. Baba! Mmmmmm, kama ng'ombe mgonjwa, hata kabla ya muziki. Ukigusa bati lake, mkono unatekenywa.

Okot akaruka. "Unaona? Mzee anakataa! Hukumzika, halafu unataka kuchezea vitu vyake?" Mama mkwe naye akasema irudishwe kijijini, kitu cha marehemu aliyekasirika hakilali chumba kimoja na mtoto mchanga. Nilikataa. Lakini wakitoka, nilikuwa naisogelea na kuuliza, "Baba, umenikasirikia?" Nayo inanguruma tu.

Juzi nilikuwa naanika nepi mlangoni, amplifaya ikinguruma ndani. Jirani anayechomelea mageti akawasha mashine yake, ngurumo ikapanda. Akaizima, akaenda kunywa chai, ikashuka. Akarudi, ikapanda. Nikasimama na nepi mkononi. Tangu lini baba yangu anamngoja mchomeleaji amalize chai? Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unatufokea juu ya amplifaya hii kule kota za polisi: "Huyu si pasi! Mpeni umeme safi!" Hata friji hukuruhusu ichomekwe karibu naye.

Nikaita fundi. Aligeuza plagi, akacheka mpaka akakaa chini. "Nyabo, mama yangu, nani amekata hili jino la tatu?"

Ni mkwe wako, Baba. Soketi yetu ina matundu mawili, yeye akachukua msumeno wa chuma.

Fundi akasema jino hilo ndilo linalopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Tulipolikata, ukawa unapita mkononi mwangu. Akapigilia chuma kirefu nyuma ya nyumba, akavuta waya, akafunga plagi mpya na soketi ya matundu matatu, mbali na friji. Akaongeza kisanduku cha kuchuja umeme, maana mchomeleaji hahami.

Tukawasha. Kimya. Baba, kimya kile! Nikagusa bati, baridi tu. Nililia mpaka Aber akaamka. Kisha nikaweka muziki wako, magitaa yakaingia, safi, nikasikia hata kidole kikiteleza kwenye nyuzi.

Okot alipokuja aligusa bati, akaligusa tena. "Kumbe Mzee yuko sawa."

"Yuko sawa tangu mwanzo," nikamwambia. "Anayenguruma ni wewe."

Aber akikaza shingo nitamleta kaburini umwone. Nilikuwa nimepanga kuja kukuomba msamaha. Sasa siombi, Baba. Nitakuja kukusalimu tu, kama mtoto anayekuja kwao.

Pumzika. Na mimi nijinyooshe kidogo, kabla huyu hajafungua macho.

Binti yako,
Mama Aber