Mama Anatoka wa Manjano Kwenye Picha

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi ipokee tu, maana mwenye shida hachagui salamu. Mimi ni mwandika mabango ya maduka, shule sikufika mbali ila Mungu amenijalia mkono, na jioni nikishafunga kazi na kusali huwa nachonga visanamu vya mbao, urefu wa kidole gumba, navipaka rangi kwa brashi nyembamba kama ukope, mke wangu husema nimeota mvi na bado nacheza na watoto wa bandia, nami humjibu kwamba hawa angalau hawanijibu.

Sasa nimemchonga mama. Mama alifariki hata meno ya utoto sijang'oa, akanilea dada yangu mkubwa, ambaye baadaye aliolewa mbali na sasa magoti hayamruhusu kusafiri, na kila tukizungumza husema laiti angemwona mama tena hata mara moja, maana picha yake hatuna. Basi nikamchonga ameketi kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, gauni la kijani, na kijani hicho sikukibuni, ninacho kiraka cha gauni lenyewe kilichoshonewa kwenye foronya yangu ya utotoni, nilichanganya rangi kandokando ya kiraka mpaka jicho likashindwa kutenganisha. Uso alinieleza dada mwenyewe kwa simu, mama mweusi wa kung'aa, na kishimo shavu la kushoto.

Nilipomaliza nikampiga picha palepale mezani chini ya taa, nikamtumia dada, nikangoja kama mtoto anayengoja kusifiwa. Akajibu kwamba gauni la rangi ya haradali mama hakuwahi kuvaa. Nami, mshauri, nikalaumu rangi, nikaongeza bluu juu ya gauni mpaka kwenye simu likatoka kijani safi, ingawa mkononi limekuwa kama wino, nikasogea karibu na uso, nikapiga, nikatuma tena. Safari hii dada alipiga simu mwenyewe. Akasema, "Mdogo wangu, mbona amekuwa wa manjano usoni? Hivyo ndivyo alivyokuwa siku nilipomwosha kwa maziko."

Sikujua kwamba mama aliondoka kwa ugonjwa wa ini, walinificha kwa kuwa nilikuwa mdogo. Tangu hapo nikipiga anapokea shemeji, anasema dada kajilaza.

Nimeshachanganya rangi mpya ya uso, ili manjano yafe kwenye picha. Namwomba Mungu aniongoze, lakini nikisogeza brashi mkono unakataa, maana uso ule ndio mama pekee niliye naye. Nimpake, au nimwache nimkose dada?

Mdogo Mtu

*Mshauri anajibu:*

Mdogo Mtu, weka brashi chini. Ioshe kabisa, halafu endelea kusoma.

Pole, ndugu yangu. Umefiwa na mama mara ya pili, na safari hii kwa simu. Lakini wewe unayeshinda juani ukiandika mabango, hujui kwamba taa hugeuza rangi? Bango la mteja ungelichanganyia rangi chini ya balbu, asubuhi angekukimbiza. Kosa la taa umemtwisha mama. Uso usiuguse.

Gauni lirudishe kwanza, mchana, kiraka kikiwa kando, na upake rangi nyepesi isije ikaziba mikunjo uliyoichonga. Kisha asubuhi msogeze mama dirishani, pasipo jua kali. Zima taa, usichanganye mianga miwili. Pazia lenye rangi livute pembeni, maana nalo litampaka. Chini na nyuma yake weka karatasi nyeupe, na upande wa kivuli simamisha nyingine imrudishie mwanga, kishimo kionekane. Flashi usiiwashe, itamfanya ang'ae kama sufuria. Simu iegemeze kwenye kikombe, isitikisike, na usiisogeze karibu mno mpaka picha ikaingia ukungu.

Halafu weka kidole gumba chako kando ya mama, nacho kiingie pichani. Dada yako hajamwona mama miaka na mikaka, lakini mkono wako ameuosha, ameukata kucha, ameuvusha barabara. Rangi ya ngozi yako anaijua. Kidole kikitoka kama kilivyo, atajua na mama ametoka kama alivyo.

Ila usitume picha bado. Pigia shemeji, mwambie unataka kuzungumza na dada, na akija kwenye simu usianze na habari za taa, hukupiga ili umshinde. Mwambie hukujua kwamba alimwosha mama. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata akilia, kwa kuwa mzigo huo ameubeba miaka yote ili wewe usiubebe. Picha aiombe mwenyewe.

Na zile za manjano zifute, kwako na kwake. Mama alikuwa hivyo siku chache. Siku nyingine zote alikuwa kwenye cherehani.