Pangani Ipi?

Mama, shikamoo. Nakuandikia nimesimama hapa gatini Mafia, maana kukaa kumenishinda.

Jana mwalimu wetu wa kuzamia aliniwekea suti mbili za mpira: moja nene ya mikono mirefu, nyingine nyepesi ya kuishia magotini. Akaniuliza, "Kwenu wapi?" Nikasema Pangani. Uso ukamchanua. "Ah, mtoto wa bahari! Hiyo nene ya nini? Chukua hii nyepesi."

Ningefungua mdomo niseme bahari yangu ni bomba la maji ya Ruvu, na siku nyingine hayatoki. Lakini watalii waligeuka kunitazama kwa heshima, nikaona raha, nikaichukua ile nyepesi.

Chini kule samaki wazuri ajabu, Mama, ila baridi! Meno yaligongana mpaka nikashindwa kuuma mpira wa hewa. Mwalimu akanipandisha juu kabla ya wenzangu. Ndipo nikamwambia, huku natetemeka, "Mwalimu, kwetu Pangani ya Kibaha."

"Kibaha kuna bahari tangu lini?" Boti zima likacheka.

Leo tunarudi kuzamia. Suti nene nimeivaa tangu alfajiri, boti lenyewe halijawashwa, jasho linanitiririka, na siivui ng'o, wasije wakanibadilishia.

Lile sweta ulilonilazimisha kubeba nikakununia, jana sikulivua hadi kulala. Nimekukumbuka sana. Tafadhali, usimwambie mtu hapo Pangani. Pangani yetu.

Mwanao, Zuhura