Pale Ulipofunga Midomo

Mama,

Jumamosi tumeanua matanga yako huku ughaibuni, Jakobsberg, na wimbo wako nimeuimba mimi. Usicheke. Najua sauti yangu ulikuwa ukiiita ya chura aliyeunguzwa na chai.

Siku ile tulipokupeleka hospitalini, muuguzi aliponiuliza jina la mgonjwa nilibaki nimemkodolea macho. Miaka tisa nimekuwa mkamwana wako, na kama desturi yetu sisi Warundi inavyotaka, mkamwana asitaje majina ya wakwe zake, jina lako halijawahi kutoka kinywani mwangu. Nililiandika kwenye karatasi. Akadhani mimi ni bubu, maskini.

Zamani nilikuwa naona desturi hii ni mzigo tu. Mpaka siku ile kule Vällingby, chini kwenye chumba cha kufulia, tukingoja mashine imalize, uliponisimulia habari ya santuri uliyorekodi Bujumbura. Wimbo ule wa soul watu wanaupenda kwa sababu ya pale katikati, unapofunga midomo ukavumisha sauti tu, na wanaume wazima wakatoa leso. Wote husema ni ufundi. Kumbe mtunzi alikuwa amempa mpenzi wa kwenye wimbo jina lilelile la baba mkwe wako! Ukagoma kulitaja. Yeye naye akagoma kulibadilisha, na muda wa studio unakwisha. "Pigeni muziki," ukawaambia, na ulipofika pale ukafunga midomo.

Nikakuuliza kama ulimwogopa huyo mzee, baba mkwe wako. Ulinikata jicho!

"Nimwogope kwa nini? Ukoo mzima ulikataa nisiimbe. Ni yeye peke yake aliyesema, mwacheni aimbe."

Na wimbo ulipotoka redioni, mzee alikuita akakwambia, "Pale uliponyamaza, nimesikia umenishukuru." Mama, nilikuheshimu kwa kuwa ni mama wa mume wangu. Kuanzia siku ile nilikuheshimu kwa ajili yako mwenyewe.

Sasa Déo, mpiga kinanda wetu Mkongo, si akashikilia nilitaje lile jina la kwenye wimbo. "Écoute, sikiliza dada, mzee alishakufa zamani. Imba tu." Nilikaribia kukubali, maana kuvumisha kama wewe mimi siwezi, na niliogopa kukuaibisha siku yako ya mwisho. Nilisimama mbele ya watu bado sijaamua. Nilipofika pale nikakukumbuka, midomo ikafunga yenyewe. Nikavumisha kidogo, sauti ikakatika. Wamama wa kwaya wakaidaka wakanimalizia. Nimelia, Mama. Nimelia sana. Déo naye alilia, ingawa anasema ni mafua.

Pumzika sasa. Umeimba vya kutosha.

Jambo moja hukuwahi kulisikia: nina mimba ya miezi mitano, msichana, na mwanao Pascal anataka apewe jina lako. Nimekubali kwa moyo wote. Nakuahidi ataujua wimbo huu, na atajua kwa nini pale katikati hapana maneno. Shuleni watamwita kwa jina lake, na baba yake atamwita hivyohivyo.

Mimi nitamwita Mama.