Penseli za Wambui na Mtihani wa Kichina

Wambui amepita Kichina! HSK, ule mtihani wa Kichina, daraja la nne, amepita, na si kupita kwa kuchechemea. Amepita na alama zikabaki.

Haya, sasa hamjambo.

Leo ni Jumanne. Kitengela kuna ule upepo wa vumbi, unaanika nguo na kabla hujafika mlangoni zishakuwa rangi ya udongo. Shuka nimezifua mara mbili. Kukasirika sijakasirika. Nimekaa kwa stuli ya jikoni, simu mkononi, naandika kwa kidole kimoja, maana mimi shule niliachia darasa la saba na mambo ya kuandika mbio nawaachia wenye digrii kama binti yangu.

Kwa yule amefika kwa blogu hii leo mara ya kwanza: Wambui ndiye kifungua mimba wangu. Alimaliza chuo, akakaa nyumbani muda, halafu akapata kazi ya stoo kwa kiwanda kimoja cha vigae upande wa Athi River. Wakubwa wa pale ni Wachina. Wenzake walijifunza salamu na maneno ya kuomba ruhusa, wakatosheka. Wangu hakutosheka. Alianza na simu, akaingia darasa la jioni, akabandika karatasi nyumba nzima. Friji ina maandishi, kioo kina maandishi, mlango wa choo una maandishi. Baba Wambui alilalamika kwamba nyumba amejenga mwenyewe na sasa hawezi kusoma milango yake.

Mimi nilishika alama moja tu, ya mtu. Ni mistari miwili, kama mtu anatembea ametanua miguu. Niliichora kwa mchanga nikawaonyesha wamama wa kanisa. Sikuwaambia ni hiyo pekee.

Halafu ukaja ule ufadhili. Chuo kimoja huko China kinachukua watu wa kusomea mambo ya kusafirisha mizigo, shahada ya pili, kula na kulala juu yao. Lakini lazima uwe umepita hilo daraja la nne, na mtihani mwingine ungekuja wakati maombi yameshafungwa. Kwa hivyo ilikuwa mara moja. Apite aende, au aanguke abaki akihesabu vigae.

Sasa nieleze jambo la penseli, kwa sababu najua Mama Otieno wa jirani ataeleza kwa njia yake.

Nyinyi wazazi mnajua. Mtoto akienda kufanya mtihani wa kitaifa, shule inaita siku ya maombi. Wazazi wanakuja wamevaa vizuri, kalamu zinawekwa mbele, mchungaji anaziombea, kadi za kumtakia mtoto heri zinatolewa, watu wanalia, wanakula wali na kwenda nyumbani. Hata mtoto ambaye hajui kitu anaingia kwa mtihani akiwa na watu nyuma yake. Na mimi nikaangalia Wambui wangu. Mtu mzima, anajipangia kwenda Nairobi peke yake, akae kwa chumba na watu hawajui, aandike lugha ya watu wengine, na hakuna hata mmoja amemwombea kalamu. Kama mtu anaenda sokoni kununua sukuma. Nikasema hapana.

Sikumwuliza. Niliita tu.

Wamama walikuja sebuleni Alhamisi. Mama Otieno, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye mwombaji wetu mkubwa, alikuja na chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Wambui alirudi kutoka kazini akatukuta tumejaa. Alisalimia kila mtu kwa mkono, heshima anayo, akaleta penseli zake kama alivyoombwa. Maana huo mtihani ni wa penseli. Unapewa karatasi ya majibu, unapaka weusi ndani ya kisanduku kidogo, na karatasi inaenda kusomwa na mashine.

Kalamu ya shule ni ya plastiki. Ukiipaka mafuta unapanguza, yameisha. Penseli ni mti, inayanyonya. Hilo hakuna hata mmoja wetu alilifikiria, na tulikuwa watu wazima sebule nzima. Tulizipaka. Tulipaka na kifutio, kwa sababu Mama Otieno alisema hata makosa yafunikwe. Halafu nikazifunga kwa leso safi nikaziweka kwa mkoba wake mwenyewe, na Jumapili asubuhi akaenda nazo.

Alirudi jioni, akavua viatu, akafua blauzi moja ambayo haikuwa chafu. Nilimwuliza mtihani ulikuwaje.

"Ulikuwa, Mum."

Nikajua kuna kitu. Lakini nilikuwa nishapigia simu ndugu zetu wa Murang'a kuwaambia umeenda vizuri.

Ni kesho yake aliniambia. Sehemu ya kwanza ni ya kusikiliza. Kanda inapigwa, Wachina wanaongea, unajibu, na kanda haikungojei. Akashika penseli, penseli ikateleza. Alama zilitoka hafifu kama moshi. Akachukua nyingine, ni vilevile. Akajaribu kufuta, kifutio kikatandaza doa kama la mandazi kwa karatasi ya shule. Akainua mkono. Msimamizi, mwalimu wa Kichina, mama wa makamo, alikuja, akaichukua penseli, akaiangalia. Akainusa. Akamwangalia Wambui. Alitoa penseli yake mwenyewe kwa mfuko wa koti akampa. Kanda wakati huo ilikuwa mbele sana.

Jibu alijibu, alikoweza. Lakini ile karatasi ilikuwa na doa la mafuta chini, karibu na visanduku, na hakuna mtu wa kumwambia kama mashine itaisoma au itaitupa.

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningejua pa kushika. Alikunja shuka za kamba, akasema tu:

"Mum, si ungeniuliza? Kitu changu, uniulize kwanza. Hata kama ni kizuri."

Nilimwambia nimesikia.

Nilienda kwa Mama Otieno nikamwambia mafuta yamefanya nini. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Mafuta hayakukosa, Mama Wambui. Ni wewe ulimimina kama unakaanga chapati."

"Na kifutio ni nani alisema?"

"Kifutio nilisema kidogo."

Tukanywa chai. Hakuna kingine cha kufanya na maneno kama hayo.

Halafu tukangoja. Sitasema mengi juu ya kungoja. Wambui alienda kazini na kurudi. Karatasi za ukutani hakuzitoa. Baba Wambui, ambaye hakuwahi kuzipenda, alibandua moja iliyokuwa inaning'inia akairudisha na gundi. Kanisani waliniuliza matokeo kila Jumapili. Nilisema Wachina ni watu wa kusahihisha polepole. Sijui kama ni kweli.

Leo asubuhi aliamkia Kajiado, kutafuta cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kile cha kwanza kililiwa na panya na pasipoti haitoki bila hicho. Nilimwona akipanga makaratasi ya pasipoti ya safari ambayo hajui kama ipo. Nilimpa maziwa ya moto, akaenda.

Nilikuwa nalisha kuku aliponipigia. Yuko kwa foleni, nasikia watu nyuma yake, mzee anasalimia kwa Kimaasai, mtoto analia.

"Mum, uko peke yako?"

"Niko na kuku."

"Basi keti."

Hakuna habari nzuri mtu huambiwa aketi. Niliketi juu ya ndoo.

"Nimepita."

Kisha, kabla sijafungua mdomo: "Usiambie mtu mpaka nifike. Tafadhali."

Nataka msomaji aelewe nilichofanyiwa. Mimi ni mtu ambaye kuku akitaga yai kubwa, mtaa unajua. Na sasa niko na habari kubwa kuliko zote nimewahi kupewa, na niko peke yangu, na ni asubuhi. Nilifagia uani. Nilifua shuka, upepo ukazichafua, nikashukuru, nikazifua tena. Sikumwambia hata Baba Wambui kwa simu, maana yule akijua, hadwea yote anakofanya kazi inajua.

Saa ya chakula Mama Otieno akaingia kuomba chujio.

"Matokeo bado?"

Uongo sikutaka. Nilijaza viazi vitamu kwa sahani, nikamwekea mkononi, chujio juu yake.

"Mbona leo huongei? Unaumwa?"

"Ni huu upepo."

Aliniangalia kama yule msimamizi alivyoangalia penseli, nafikiri. Akaenda. Mimi nilirudi ndani nikashikilia meza.

Wambui alifika jua likiwa linashuka, vumbi mpaka kwa nyusi, cheti kwa bahasha. Nilikuwa mlangoni. Sikumkumbatia kwanza, nilimwambia: "Sijasema." Alicheka. Hajacheka hivyo tangu ile Alhamisi. Kisha alinionyesha matokeo kwa simu, sehemu kwa sehemu, akinitafsiria. Kusoma, juu sana. Kuandika, juu. Kusikiliza, chini kidogo. Sababu ya hiyo tuliijua wote wawili, tukaiacha hapo.

Mashine ilisoma.

Sijalia. Naona watu wakisema kwa blogu zao kwamba walilia. Mimi nilipika. Pengine nitalia uwanja wa ndege, pengine hata huko sitalia, nitakuwa na shughuli ya kumwonyesha mizigo. Anaenda mbali na mimi ndiye nilikuwa nasukuma aende, kwa hivyo sina wa kulalamikia. Ile nyumba itakuwa na karatasi ukutani na hakuna mtu wa kunisomea. Nimefikiria hayo nikikoroga ugali, na ugali umeiva vizuri tu.

Tulipomaliza kula nilimwuliza. Mimi, kumwuliza! Baba Wambui aliacha kutafuna.

"Wambui, naweza kuita watu?"

"Waite, Mum."

"Jumapili, baada ya ibada?"

"Jumapili utaleta kanisa zima."

Sikubisha, maana ndivyo nilikuwa nimepanga. Akafikiria. Akasema watu wa nyumbani, majirani, na wale wamama wote wa Alhamisi, asikose hata mmoja, kwa sababu walitoka makwao wakaja kwa ajili yake. Hilo la mwisho alilisema mwenyewe, mimi sikumfundisha. Au nilimfundisha. Hebu niandike kwamba nilimfundisha.

Kwa hivyo mmesikia. Dada yangu wa Rongai, toka mapema, ile barabara yenu tunaijua. Watu wa Murang'a, mlale kwangu, nafasi iko. Shemeji wa Embulbul, mje na watoto. Mbuzi Baba Wambui ameenda kumwangalia, na Mama Otieno ameshanisikia nikipiga vigelegele juu ya ukuta, kwa hivyo yeye ndiye wa kwanza kujua baada ya ruhusa.

Wa kualika amechagua yeye. Siku pia amechagua mwenyewe binti. Ni Jumamosi hii.