Wifi iko nazungusha mimi

Jumatatu, Arua. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Umeme umekatika, mashine ya fotokopi imelala, na mimi nimekaa mlangoni mwa kibanda na simu mkononi. Sina mtu wa kumwambia haya. Nakuambia wewe, ukurasa wangu.

Hedifoni mpya ziko mezani. Ni nzuri kweli. Sijazivaa tangu Jumamosi.

Nianze na hizo hedifoni, maana ndizo zilizonipeleka Koboko, na maana nikianza na jambo lenyewe moja kwa moja nitaifunga simu nisiandike kitu.

Wanaonisoma wanajua kazi yangu. Nachapa mitihani ya shule za huku Ediofe, siku nzima mashine inanguruma pembeni, na bila muziki siwezi. Jioni nikirudi nyumbani, mtaa wa Oli, nacheza gemu la vita na wenzangu watatu, kila mtu yuko kwao, tunaongea kwa maiki. Sasa mtu wa miwani ana taabu yake. Hedifoni nyingi za bei rahisi zinakandamiza miwani kwenye mfupa wa kichwa, ukimaliza saa moja unasikia kichwa kinagonga. Zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio zinaniwasha. Zisizo na waya zinachelewesha sauti kidogo, na kwenye gemu ukisikia hatua za adui zimechelewa, ujue umeshakufa. Basi nilitaka za waya, nyepesi, sponji laini, zenye maiki, na za bei ya mchapa mitihani. Hapa Arua zilizonifaa sikuziweza, na nilizoziweza hazikunifaa.

Wifi yangu Keji akapiga simu. "Kuja Koboko Jumamosi," akasema. "Vitu ya mpakani bei iko chini. Mimi nitazungukia wewe."

Keji ni mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa malori, mwezi mzima hayupo, na nyumba ya Koboko anaishika Keji. Ni Mkakwa wa upande wa Sudani Kusini. Alikuja huku kwa sababu ya vita, akakaa kwenye kambi ya wakimbizi kule Omugo, na kaka alikutana naye hukohuko alipopeleka mzigo wa mahindi. Sisi nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu baba alikuwa askari, na jeshini huku Kiswahili ndiyo lugha, kwa hiyo alipoolewa tu mimi na yeye tukaitana wifi, hata simuni nimemhifadhi hivyo. Mama alipolazwa, ni Keji aliyekaa naye wodini. Mimi nilikuja mara mbili na machungwa.

Tukaenda sokoni. Na hapa nataka nieleze vizuri anavyonunua vitu, kwa sababu ndiko nilikoanza kuharibika.

Mtu wa kawaida anajaribu hedifoni kwa dakika moja, anatikisa kichwa, analipa. Keji hapana. Alimwambia muuzaji wa kwanza, kwa Kiarabu cha Juba, kwamba kitu cha kuvaa kinajulikana kwa kuvaliwa. Akaiweka simu yake mwenyewe juu ya meza ya yule kijana kama dhamana, akanivisha hedifoni, muziki ukilia kutoka kwenye simu yangu, na akanishika mkono. Tukaenda kulizunguka soko zima. Alinishika kwa sababu sikuwa nasikia boda zinazokuja nyuma yangu. Nilikuwa mwanamke mzima na miwani yangu, naongozwa kama ng'ombe wa mahari, na watu wanatoa macho.

Jozi ya kwanza ilianza kuuma kabla hatujavuka vitunguu. Tukarudi, akachukua simu yake. Muuzaji wa pili, jozi ya pili, simu mezani, mkono, safari nyingine. Hizo sponji zake zilikuwa za ngozi bandia, na tulipofika kwa samaki wakavu masikio yalikuwa yameloa jasho. Tukarudi tena. Muuzaji wa tatu alikuwa kijana mtanashati, ananisemesha Kiingereza kwa heshima, na Keji akamwamuru avae mwenyewe kwanza, aonyeshe kwamba hana chawa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisogea kidogo ili nionekane sijaja naye.

Nimeandika hilo ili lisipotee. Nilisogea.

Za tatu zilikuwa za kitambaa, nyepesi. Tulizunguka nazo, tukapita vitunguu, tukapita samaki, na nilisahau kabisa kwamba nimevaa kitu. Karibu na wauza mitumba mama mmoja alisema neno akituangalia na wenzake wakacheka. Niliona midomo tu. Keji aliubana mkono wangu. Nilipozivua nikamuuliza Keji yule mama amesema nini.

"Amesema tazama mutu ya kambi amepata kazi ya kuongoza kipofu." Hakuonekana na hasira. "Wanasema tu. Kila siku wanasema. Kwa nyumba yenu tu ndio mimi sijasikia hiyo neno."

Moyo wangu ulijaa. Nilimwambia Keji kwamba yule mama hana adabu, nikamwambia mengi mazuri, nikajiona mtu mwema sana. Yeye akapatana bei na yule kijana mpaka kijana akashika kichwa, tukanunua, tukarudi nyumbani.

Mchana alikaa nje jikoni akipika. Mimi nikaketi sebuleni, mgongo kwa mlango. Bando langu lilikuwa limeisha njiani, nikamwomba aniwashie hotspoti kwenye simu yake, akawasha papo hapo. Nikavaa hedifoni zangu, nikaingia kwenye gemu. Wenzangu walikuwa wananisubiri na hasira. Afeku, fundi simu wa hapa Arua na ndiye anayejifanya mkubwa wetu, akauliza nilikuwa wapi tangu asubuhi, wamefungwa mara mbili kwa sababu yangu.

Kumbe hedifoni nzuri zina ubaya wake. Zinaziba masikio sawasawa, husikii hata sauti yako mwenyewe. Unadhani unanong'ona na kumbe unahubiri.

Nilisema hivi, na naandika kama nilivyosema:

"Niko kwa wifi. Ee, wifi iko polepole, haki ya Mungu. Kutoka asubuhi iko nazungusha mimi tu."

Wakacheka. Na mimi nikichekewa huwa sijui kuacha. Nikaongeza:

"Soko muzima, juu ya shilingi kidogo. Mutu ya kambi, si munajua."

Wakacheka zaidi. Sijui hata nilifurahi nini. Nadhani nilitaka wajue kwamba ule usumbufu wote wa sokoni haukuwa wangu, kwamba mimi ni mtu wa mjini niliyekokotwa tu. Kijana wa Kiingereza hakuwepo, lakini ni kama bado nilikuwa najieleza kwake.

Ndipo Afeku akasema, taratibu kabisa, "Sista, iko mutu nyuma yako. Anasema chakula iko tayari. Amesema mara mbili."

Maiki ilikuwa nzuri kweli. Watu wa Arua walimsikia Keji kabla yangu.

Nilivua, nikageuka. Alikuwa anapanga sahani juu ya mkeka, mboga ya simsim na mkate wa muhogo, uso wake uko chini. Sikujua amesimama pale tangu lini. Hilo ndilo lilikuwa swali langu lote: alifika kwenye neno la kwanza, au la pili?

Na mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia hata siku moja, ukakimbilia kunitetea. "Wifi, nilikuwa nasema wifi ya simu. Intaneti."

Msomaji wa mbali huenda hatanielewa, kwa hiyo nieleze. Kiswahili cha kuandika nilikipata sekondari, Kenya. Kwa Kiswahili hicho ningekwisha papo hapo: mtu *ananizungusha*, intaneti *inanizungusha*, na mwalimu wangu asingekubali vichanganyike. Lakini cha kusema ni hiki chetu cha West Nile, na kwetu mtu iko, kiti iko, Mungu mwenyewe iko. Wifi wa ndoa iko polepole na wifi ya simu iko polepole. Hakuna awezaye kukukamata. Lugha ya baba yangu ilinifungulia mlango wa nyuma na nikatoka mbio.

Keji alininyooshea sahani yangu. "Ndiyo," akasema. "Intaneti ya huku iko mbaya."

Nikala. Nilikula mpaka nikaongezewa.

Ni baadaye, naosha vyombo, ndipo akili ilipofika. Nyumba ile haina intaneti yoyote. Intaneti niliyoisema mbaya ilikuwa inatoka kwenye simu yake, kwenye bando lake. Nilimtukana wifi, halafu katika kujitetea nikamtukana tena, na yeye akayaitikia yote mawili kwa ndiyo moja. Nikajituliza kwamba angalau hakulisikia lile neno. Angelisikia angenuna, angelia, angempigia kaka simu. Alikuwa amenitandikia kitanda na kunipa shuka safi, mtu aliyesikia hafanyi hivyo. Nililala na wazo hilo na nilitaka kuliamini kwa nguvu zote.

Jana Jumapili alirudi kutoka misa ya kwanza nami ndiyo kwanza naamka. Akaniwekea chai.

"Wifi," akasema, "nimenunua bando ingine, kubwa. Sasa haiwezi kuzungusha wewe. Jaribu."

Nilishukuru. Nilifungua simu kutafuta hotspoti yake. Jumamosi ilikuwa imeandikwa jina la simu, herufi na namba tu kama zilivyotoka dukani. Jana jina hilo halikuwepo. Palikuwa na jina moja tu kwenye orodha, kwa herufi kubwa:

MUTU YA KAMBI.

Sikuinua macho. Nilimsikia anakoroga sukari kwenye kikombe chake. Simu ikaniuliza neno la siri, kwa sababu kwayo hiyo ilikuwa wifi mpya, haiijui.

"Neno la siri?" nikauliza. Sauti ilitoka ya mtoto.

"Ile ile," akasema.

Nikaandika. Nikaunganisha. Ndiyo, niliunganisha, kwa sababu alikuwa ananitazama na sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Intaneti ilikuwa ya kasi sana. Nilifungua kurasa nisizozitaka, nikazifunga, nikasema iko sawa kabisa. Akasema vizuri. Akanywa chai yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja pale, meza ilikuwa ndogo, angelisikia hata kama ningelinong'ona. Badala yake nikasema nisije nikachelewa gari.

Alinisindikiza mpaka barabarani na kunibebea mfuko.

Sasa naandika na nasikia uso unawaka, na hakuna mtu hapa. Si kwamba nilisema kitu ambacho wengine hawasemi. Wanakisema wote, yule mama wa mitumba anakisema bure kabisa. Lakini palikuwa na nyumba moja tu ambayo Keji alikuwa hajakisikia, na aliniambia hivyo mwenyewe akiwa amenishika mkono, na hata jua halikuwa limeshuka. Na mimi ni nani? Bibi yangu alikimbilia Kongo na baba yangu mgongoni. Baba alijifunza kutembea kambini. Nyumbani kwetu hadithi hiyo husimuliwa kila Krismasi, na sote tunatikisa kichwa kwa kumhurumia bibi.

Afeku amenitumia ujumbe kuuliza mbona siingii gemu. Sijui nimlaumu kwa kucheka au nimshukuru kwa kuniambia nani yuko nyuma yangu.

Keji naye ameandika. Jana jioni nilimtumia kwamba nimefika salama. Asubuhi hii amejibu: "Asante Mungu. Masikio haiumi?"

Haiumi. Hilo ndilo baya lake. Alisema kitu cha kuvaa kinajulikana kwa kuvaliwa, na ilikuwa kweli, hizi ningezivaa hata nikilala. Nimeandika jibu na kulifuta, nimeandika tena, nimefuta. Nikiandika "nisamehe" kwenye simu, atajibu "hakuna shida", na itakuwa ameniitikia tena.

Kwa hiyo nitakwenda Jumamosi. Hedifoni nitaziacha hapa. Nitalisema lile neno lenyewe, nilivyolisema, kwa herufi zake zote, na sitaleta habari ya intaneti.

Simu yangu imeshaikumbuka ile wifi. Nikikaribia tu ukuta wa nyumba itajiunga yenyewe bila kuniuliza kitu. Mimi nitapiga hodi, na nitasimama nje mpaka aseme karibu.