Nderema Iliyopanda Dirishani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Jalada, ndilo ninalojulikana nalo. Umri: miaka 74. Kazi: fundi wa kujalidi vitabu, mstaafu. Makazi: chumba cha chini, uani, nyuma ya kiwanda cha mikate. Ni mhamiaji, kwetu sijarudi tangu ujana.

Naeleza kwamba:

Uani nimepanda nderema, mboga ya majani inayotambaa. Mbegu nilitoka nazo kwetu. Inapenda joto, na msimu huu imepanda kamba hadi kwenye nondo za dirisha la jirani yangu wa ghorofani, mama mjane anayeishi na mwanawe. Kamba aliifunga mama huyo. Alisema, "Wewe mwagilia, shemeji, mimi nitakula." Huchuma ncha changa tu, ili mmea uchipue zaidi.

Mnamo tarehe 9 Februari, asubuhi, niliona dirishani hakuna jani hata moja. Hata yale makongwe, magumu, yalikuwa yamenyofolewa, na shina limetafunwa.

Nilimkuta mwanawe langoni, nikamuuliza mama yuko wapi.

"Kasafiri tangu wiki jana, Mzee. Kwani wewe mumewe?"

"Na mboga nani kala?"

"Labda mbuzi."

Mbuzi hali mboga ya ghorofani. Alipoondoka, nilisimama chini ya dirisha.

Nilimwita mama. Kimya. Nikaivuta kamba polepole. Ikavutwa kutoka juu.

Nilipanda ngazi. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Nililivunja kwa jembe, hilo sikatai. Mama alikuwa sakafuni chini ya dirisha, kamba mkononi, midomo ya kijani. Ndoo ilikuwa na maji kidogo, chakula hakikuwepo. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema mwanawe alimfungia mpaka akubali nyumba iuzwe. Kisha akasema, "Nisamehe, shemeji, nimekumalizia mboga."

Niliita vijana wa mikate, tukamshusha, tukampeleka hospitali.

Afande, nasikia mwanawe yuko wodini tangu asubuhi, anataka arudishiwe mama yake. Asipewe.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Sahihi: Mzee Jalada

Imeandikwa nami, Sajenti wa zamu, tarehe 10 Februari, saa nne asubuhi. Shahidi alikataa kusaini hadi nipige simu wodini. Nimepiga. Walikuwa wamekwisha kumvalisha mama viatu. Koplo sasa ameketi kando ya kitanda chake. Ndipo shahidi akasaini.