Breki ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya miguu ya bandia. Benchi refu, feni moja, vilema saba. Mimi wa nane, ila sijihesabu. Wote wanaongea kama wamezaliwa tumbo moja — kigutu changu hivi, kigutu changu vile. Nilikaa mwisho wa benchi na gazeti usoni.

Fundi wa miguu kaniwekea nyayo mbili mezani. Kikombe cha plastiki kinachoshika kigutu ni kile kile, anasema, kinachochaguliwa ni wayo. Wa kwanza wa mpira: mnene, rangi ya chai ya jana, haupindi popote. Wa pili una jani la springi ndani. Mwembamba, mweusi, ukikanyaga unakurudishia nguvu. Chagua, mzee. Ukishachagua ndio huo kwa miaka mitatu. Akauliza kazi yangu. Nikasema mwalimu wa udereva. Aa, akasema, kazi ya kukaa, basi wowote utakufaa. Akanisimamisha nitembee.

Kazi ya kukaa! Miaka thelathini na moja nimekaa kiti cha abiria, mguu wa kulia, huu uliokatwa, juu ya breki ya mwalimu, ile pedali ya pili ya upande wa abiria, nikiokoa roho za watu wasiojua kulia kwao ni wapi. Lakini nikasimama tu. Ukibishana na fundi utatoka na mguu wa kushoto.

Meza ya pili kulikuwa na mama mmoja mfuaji wa nguo, kakatwa chini ya goti kama mimi. Kaja na ndoo. Ndoo! Kaijaza maji bombani, kavaa ndala, kainyanyua, kazunguka nayo chumba kizima na kulowesha sakafu ya watu. Kisha akachuchumaa, akasimama, akachuchumaa tena. Mwisho akachagua wa mpira. Nilicheka kwa sauti. Mtu anapewa nafasi ya kutembea kama binadamu, anachagua gogo la kuni!

Mimi nimechukua springi. Nilitembea kati ya vyuma viwili, huku na huko, mara nne. Hata muuguzi aligeuka kuniangalia.

Jumanne, 4 Machi

Nimetembea hadi dukani na kurudi. Springi ni springi bwana. Jirani kasimama mlangoni mdomo wazi. Nilimsalimia kwa mbali ili aone mwendo wote.

Vidole vya mguu ambao haupo vinawasha. Fundi alisema ni kawaida, ubongo haujapata habari. Hata ubongo wangu nao mzembe.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumbani kwa binti yangu. Mkwe wangu kanunua zulia jeupe, jeupe kama shuka la mochwari, na viatu vinavuliwa mlangoni. Nikavua. Hatua ya pili nikaanguka kinyumenyume juu ya kochi, miguu hewani, wajukuu wakapiga makofi wakidhani nawachezea.

Ndipo nikakumbuka. Fundi alisema mguu umepimwa na kiatu chenye kisigino kile, nisibadilishe, nisitembee bila kiatu. Bila kisigino unakuvuta nyuma. Nilimsikia vizuri sana. Nilidhani anatafuta la kusema.

Binti kaniuliza, baba, kwani hawana mguu wa kawaida tu? Nikamwambia wa kawaida ni wa wafuaji. Mkwe akacheka peke yake. Hajui hata kubadilisha tairi yule.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu leo kasema ile methali. Nilijua itakuja, nilikuwa naihesabia siku. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huku ananipakulia chakula! Nikamwambia halikuvunjika, lilikatwa. Akasema ni kweli baba watoto, methali ilikuonea huruma.

Haya, niandike, humu hasomi mtu. Mwaka jana msumari uliingia kwenye kiatu, sikuhisi kwa sababu ya sukari. Muuguzi akasema kidonda hiki kisafishwe kila siku. Muuguzi mwenyewe nilimfundisha gari, alikuwa anafumba macho kwenye mzunguko. Ningemsikilizaje mtu wa namna hiyo? Wiki sita baadaye walikata.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda shule ya udereva. Mwenye shule — namwita Bosi Mdogo, nilimfundisha mimi, alizima gari mara kumi na moja kwenye mlima mmoja — kakaa nyuma ya meza kubwa kama kitanda. Kaninywesha soda. Anasema anataka nirudi, wazazi wananiulizia, ila lazima ajiridhishe na breki. Jumatano ijayo majaribio. Yeye atakaa kiti cha nyuma. Nikisimamisha gari panapotakiwa, kazi ni yangu. Nisiposimamisha, atanipa darasa la alama za barabarani, ubaoni.

Ubaoni! Na chaki! Niwaonyeshe watu wazima picha ya ng'ombe anavuka! Bora nife.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekaa peke yangu kwenye gari, uani pa shule, saa nzima. Mlinzi kaja kuuliza kama nimefungiwa. Nikamwambia alinde geti.

Mguu huu kwenye breki ni mjinga. Nikikandamiza, springi inajikunja kwanza, ndipo pedali inashuka. Kuchelewa kidogo tu, kama karani anayetafuta kalamu. Barabarani hiyo kidogo ni mtu mzima na mzigo wake. Halafu ncha ya wayo ni ndefu, inapenya chini ya pedali na kung'ang'ania huko. Na siujui uko wapi mpaka niinamishe kichwa kuutazama. Mwalimu anayetazama miguu yake haoni barabara.

Nikajaribu wa kushoto. Wa kushoto umekanyaga klachi maisha yake yote, haujui pole pole. Nilimwomba mlinzi asukume gari, nikafunga breki, akagonga kidevu kwenye buti.

Springi ni ya kutembea. Pale kliniki nilitembea tu. Hakuna aliyeniambia nikae! Fundi hakusema, muuguzi hakusema, na mimi, mwalimu mzima, sikuuliza. Lakini siwezi kurudi nikaombe lile gogo mbele ya yule mama wa ndoo. Nitazoea. Siku tano zinatosha.

Jumatatu, 17 Machi

Nazoea.

Jumatano, 19 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Mwanafunzi waliyenipa ni Bi Samahani. Jina hilo nilimpa mimi zamani, kabla ya mguu. Mshonaji wa sare, miaka arobaini na kitu, ameanza masomo mara tatu na kuacha mara tatu. Anaomba radhi kwa gia. Anaomba radhi kwa mbuzi. Akipigiwa honi anasema samahani ndani ya gari, vioo vimefungwa. Sijapata kuona mtu anayeudhi hivyo. Nikasema moyoni, Bosi Mdogo kanitafutia mzigo makusudi. Yeye alikuwa kakaa nyuma na daftari.

Tukaenda vizuri hadi mtaa wa maduka. Malori mawili yameegeshwa. Katikati yao akatokea mwanamume anasukuma baiskeli yenye makreti ya mikate, haangalii. Nikakanyaga breki.

Nilikanyaga. Hapa ndipo panaponitia jasho hata sasa. Nilihisi pedali. Nilihisi ugumu wake chini ya wayo, vidole vitano vimejikunja, kisigino kimekaa sakafuni, kila kitu kama miaka yote thelathini na moja. Na gari likaendelea kwenda.

Kisha likasimama. Taratibu, safi, bila kuzima. Kreti la juu lilikuwa hatua moja kutoka kwenye boneti. Yule mtu wa mikate alitutukana kidogo akapita.

Nikatazama chini. Mguu wa springi ulikuwa juu ya zulia la gari, ncha yake imejibana chini ya pedali. Pedali haikushuka hata kidogo. Uliokanyaga ni ule ambao haupo! Aliyesimamisha gari ni Bi Samahani. Na yeye alikuwa ametazama chini kabla yangu, nilimwona.

Bosi Mdogo akanipiga bega kutoka nyuma. Mwalimu, bado ni yule yule! Jumatatu unaanza, nakupa wapya wanne, hawajawahi kushika usukani. Akaandika kwenye daftari lake.

Bi Samahani akarudisha gia ya kwanza. Akasema kwa sauti ya chini, samahani mwalimu, nimekuwahi kukanyaga. Nikamwambia endesha.

Endesha! Kama vile aliyemwokoa mtu wa mikate ni mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu kapika vizuri kwa sababu nimerudishwa kazini. Sikula. Nikamwambia chumvi imezidi, na haikuzidi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemdharau kila mtu leo kwa zamu. Bosi, kwa kutotazama chini. Fundi, kwa kusema wowote utanifaa. Kampuni ya magari, kwa kuunda pedali ndogo. Mtu wa mikate, kwa kuzaliwa. Ilipofika jioni walikuwa wamekwisha, nikabaki mimi.

Wanne wapya. Wasiojua breki ni ipi. Wakinitazama watadhani kuna mtu pale pembeni.

Bi Samahani kapiga simu. Nikadhani ndiyo sasa atanitishia. Wapi. Kauliza kigutu kinaumaje. Akasema kaka yake ana mguu wa bandia, ni dereva wa trekta, alipokwenda kuchukua mguu alibeba pedali mkononi kutoka nyumbani, akaijaribu palepale. Samahani mwalimu, kama nimeingilia. Nikasema hujaingilia. Nikakata kabla hajaomba radhi tena.

Kwa hiyo dereva wa trekta kabeba pedali. Mfuaji kabeba ndoo. Mwalimu wa miaka thelathini na moja kabeba gazeti.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwa fundi makanika. Uani kwake kuna gari bovu, la aina ile ile ya gari la shule. Nikamwambia anifungulie breki. Ya nini, mzee? Nikamwambia ni ya kupimia akili. Kaifungua pamoja na kipande cha sakafu kinachoishikilia, kaitia kwenye mfuko wa unga. Mzito kama mtoto aliyelala.

Bosi sijamwambia. Nikimwambia ni ubao na chaki, labda hata hiyo sipati, maana nilikubali sifa ya mwenzangu na kupigwa bega juu yake. Jumapili ipo. Nitamwambia Jumapili.

Jumapili, 23 Machi

Sijamwambia.

Jumatatu, 24 Machi

Kliniki. Naandika nikiwa kwenye benchi, saa mbili kasoro. Nilipaswa kuwa shuleni saa moja na nusu. Nilitoka nyumbani nimevaa shati la kazi, mke wangu kanipigia pasi mwenyewe, nikafika njia panda na miguu ikageuka huku. Wote wawili, hata wa springi.

Mama wa ndoo yupo. Kaja kukaziwa kikombe, kigutu kimepungua. Ndoo yake iko miguuni pake, kasogea, kanipa nafasi. Kauliza kilichomo kwenye mfuko wa unga. Nikafungua. Kaitazama ile pedali, kaikandamiza kwa kiganja, kaikandamiza tena. Akasema, hapo sawa. Basi. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu vibaya, sasa jibu nimebaki nalo.

Fundi kapita. Nimemwonyesha wayo, nimemwonyesha pedali. Kakuna kichwa. Wa mpira wa saizi yangu umebaki mmoja, kuna mtu ameuandikia jina, ila hajatokea wiki mbili. Na karatasi yangu inasema miaka mitatu. Ngoja nimwulize mkubwa, kasema, usiondoke. Kama vile naweza kwenda popote.

Simu inaita. Bosi Mdogo. Mara ya nne sasa. Mama wa ndoo anasema, pokea baba, itakuchosha hiyo.

Nimepokea. Naandika huku simu iko sikioni, mkono usikae bure. Nilikuwa nimepanga kuanza na foleni, kisha mvua, kisha fundi. Neno lililotangulia kutoka ni samahani. Nikalifuatisha na mengine: si mimi niliyefunga breki Jumatano, ni yule mama, mimi sikuigusa.

Nasikia anafungua daftari lake.

Huku nyuma yake nasikia watu wanacheka, hao wanne bila shaka, na mlango wa gari unafungwa. Sasa mtu amewasha injini. Inalia juu sana, mguu wote uko kwenye mafuta. Namwambia Bosi, nani yuko kwenye gari, nani amekaa kiti cha pembeni —